UZI: Oksijeni ikipungua, damu ya moyo hufanya nini? (Oksimita 98, kifua kinabana)

Zamu_ya_Usiku (Fort Portal)

Basawo (madaktari), habari za jioni. Nina maswali mawili, naona mzizi wake ni mmoja.

Mpanda mlima mwenye afya njema yuko kambi ya Elena kule Rwenzori, mita 4,541. Oksimita ya kidole (kipimo cha asilimia ya hemoglobini iliyobeba oksijeni) inasoma 80, kifua hakimuumi. Huku chini wodini yuko mama mwenye Hb (hemoglobini, kibeba oksijeni cha damu) 5. Oksimita inasoma 98, mapigo 125, anasema kifua kinambana, na ECG (mchoro wa umeme wa moyo) inaonyesha sehemu ya ST imeshuka, dalili ya msuli wa moyo kukosa oksijeni. Tulifundishwa kwamba oksijeni ikipungua mishipa ya moyo hutanuka. Sawa. Mbona basi wa 98 ndiye anayelalamika? Na hiyo amri ya kutanuka inatoka wapi: kwenye neva, kwenye homoni, au kwa moyo wenyewe?

---

MwalimuPigo (Kampala)

Zamu, weka oksimita pembeni kidogo. Ile asilimia inakuambia viti vingapi vimekaliwa, haikuambii teksi ina viti vingapi. Teksi ya viti 14 ikijaa asilimia 80 inashusha watu 11. Ya viti 5 hata ijae mpaka mlangoni, itashusha watano tu.

Hesabu yenyewe: oksijeni iliyomo katika ml 100 za damu ni 1.34 × Hb × ujazo (ile asilimia ya oksimita). Juu yake unaongeza 0.003 × shinikizo la oksijeni kwa mmHg, yaani ile iliyoyeyuka kwenye maji ya damu. Kwa mtu anayevuta hewa ya kawaida hiyo ni kama 0.3 tu, kwa hiyo iache kwanza, tutaihitaji baadaye.

Mtu wa Kampala, Hb 14, ujazo 96: ml 18.0
Mpanda mlima wako, Hb 14, ujazo 80: ml 15.0
Mama wa wodini, Hb 5, ujazo 98: ml 6.6

Umeona? Mwenye 98 hana hata nusu ya oksijeni ya mwenye 80.

Sasa twende kwenye moyo. Kiungo kikipungukiwa kina njia mbili: kuletewa damu zaidi, au kukamua zaidi kutoka damu ileile. Mwili kwa jumla, ukiwa umepumzika, hukamua kama robo tu ya oksijeni inayopita, kwa hiyo una akiba kubwa. Msuli wa moyo hauna akiba hiyo. Hata mtu akiwa amekaa kitako, moyo wake unakamua asilimia 70 hadi 80. Damu inayotoka kwenye sainasi ya korona (mshipa unaokusanya damu iliyokwisha kupita kwenye msuli wa moyo) hubaki na shinikizo la oksijeni la kama mmHg 20 na ujazo wa kama 30. Imeshakamuliwa kama tui la pili. Kwa hiyo moyo ukikosa oksijeni jibu lake ni moja: damu zaidi kwa dakika.

Tuipime. Gramu 100 za ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini) hupitisha ml 70 hadi 80 za damu kwa dakika, na hutumia takriban ml 10 za oksijeni. Tuseme unaweza kukamua mpaka asilimia 75, si zaidi.

Kule Elena: 10 ÷ (0.150 × 0.75) = ml 89. Imepanda kidogo tu kutoka 80.
Wodini: 10 ÷ (0.066 × 0.75) = ml 202. Mara mbili na nusu.
Na mama huyo ana mapigo 125, kwa hiyo matumizi si 10 tena. Weka 13: unapata ml 263, zaidi ya mara tatu. Moyo wenye afya huweza kuongeza mtiririko mara 4 hadi 5. Mama wako ameshatumia sehemu kubwa ya akiba yake akiwa kitandani, hajainuka hata kwenda chooni.

Jambo moja linamsaidia: damu yenye Hb ndogo ni nyepesi, hupita kwa urahisi.

---

Boma_la_Vitabu

Mwalimu, hapo nachanganyikiwa. Mapafuni si tunasema oksijeni ikishuka mishipa hubana? Moyoni mbona iwe kinyume?

---

MwalimuPigo

Kwa sababu kazi ni tofauti, ndugu. Pafu linapeleka damu penye hewa, kwa hiyo kipande kisicho na hewa hufungiwa bomba. Moyo unapeleka oksijeni penye njaa, kwa hiyo penye njaa bomba hufunguliwa. Usibebe kanuni ya pafu ukaipeleka kwingine. Ubongo, misuli, moyo, wote hufungua.

---

Kijiateri (Mbarara)

Nani anaamuru? Nalijibu hilo kwa kirefu kidogo, kwa sababu wengi hulimaliza kwa neno moja, "adenosini", na hapo ndipo wanapokosea.

Kwanza mahali. Ateri kubwa zinazoonekana juu ya moyo, zile za picha za anjiografia (eksirei ya mishipa), hazizuii damu kwa kiasi cha maana zikiwa safi. Bomba la kufungua na kufunga liko ndani ya msuli, kwenye vijiateri (matawi madogo ya ateri), na vile vyembamba kabisa, chini ya mikromita 100, ndivyo vinavyosikia zaidi hali ya seli za jirani.

Mwanafiziolojia Robert Berne alitoa wazo la adenosini mwaka 1963. Oksijeni ikipungua seli ya moyo inatumia ATP (nishati ya seli) kuliko inavyoitengeneza. ATP inakuwa ADP, ADP inakuwa AMP, na AMP inavuliwa fosfeti ya mwisho inakuwa adenosini. Hiyo inatoka nje ya seli, inashika kipokezi cha A2A kwenye msuli laini wa kijiateri, na msuli unalegea. Ni mpango mzuri kwa sababu mwenye njaa ndiye anayepiga kengele mwenyewe.

Lakini kengele ni nyingi. Njia za potasiamu zinazofungwa na ATP hufunguka, potasiamu inatoka, utando unazidi kuwa hasi, milango ya kalsiamu inafungwa, msuli unalegea. Ukuta wa ndani wa mshipa unatoa naitriki oksaidi na prostaglandini. Seli nyekundu nazo, zinapoachia oksijeni, zinatoa ATP kidogo ndani ya mshipa, na hiyo inauambia ukuta ulegee. Kaboni dioksaidi na asidi vinachangia. Ukizuia adenosini peke yake kwa theofilini (dawa ya pumu inayoziba vipokezi vyake), mtiririko wakati wa mazoezi bado unapanda vizuri. Adenosini huonekana nguvu yake zaidi pale upungufu ni mkali au damu imekatika kabisa.

Ukitaka kuona nguvu ya kengele hizo zikilia pamoja, ziba ateri moja ya moyo kwa sekunde 15 kisha achia. Mtiririko hauridhiki kurudi pale ulipokuwa: unaruka mara 4 hadi 5 kwa muda, ndipo unashuka taratibu.

Neva? Zina sauti ndogo. Moyo uliopandikizwa, ambao neva zake zimekatwa, bado huongeza damu kazi ikizidi.

---

WodiNne (Mbale)

Niongeze la wodini, kwa kuwa mwalimu amesema "mara 4 hadi 5" kana kwamba ni haki ya kila mtu. Hapana. Akiba hiyo huliwa na mambo matatu.

La kwanza ni muda. Ventrikali ya kushoto ikijibana inaminya mishipa yake yenyewe, kwa hiyo hupata damu hasa inapolegea. Mapigo 60: kulegea ni kama sekunde 40 katika dakika. Mapigo 120: ni kama 30. Yaani mama wa Hb 5 anahitaji damu mara tatu, na dirisha la kuipitishia limepunguzwa robo. Tabaka la ndani la msuli ndilo linaloumia kwanza, kwa sababu ndilo linalominywa zaidi, na ndiyo maana ECG inaonyesha ST kushuka badala ya kupanda.

La pili ni shinikizo. Linalosukuma damu kuingia kwenye msuli ni shinikizo la chini la ateri ukitoa shinikizo lililomo ndani ya ventrikali mwisho wa kujaa. BP 120/70 na ventrikali 10: una 60. BP 90/40 na ventrikali iliyojaa kupita kiasi, 20: una 20. Kwa 20 hiyo vijiateri vinaweza kuwa wazi kabisa na damu isipite. Kati ya 60 na 140 hivi moyo hujirekebisha wenyewe. Chini ya hapo mtiririko unafuata shinikizo kama mtumwa.

La tatu ni mshipa uliosinyaa. Daktari wa moyo K. Lance Gould na wenzake walionyesha kwa mbwa mwaka 1974 kwamba mtiririko wa mapumziko haushuki mpaka kipenyo kizibe kama asilimia 85, lakini mtiririko wa juu kabisa huanza kupungua kwenye 50 hivi. Maana yake mzee mwenye mshipa ulioziba 70 anatembea sokoni bila neno, vijiateri vyake vikiwa vimeshafunguka nusu kuziba pengo. Mletee upungufu wa oksijeni: vya kufungua vimebaki vichache. Wakati huohuo vijiateri vya jirani, vyenye afya, vinafunguka na kuvuta damu kwao. Tunaita kuibiwa damu, na jina linafaa.

---

Nyabitaba_2651 (Kasese)

Hapo kwa mzee wa 70 ndipo penye kazi yetu sisi wa mlimani. Utafiti wa Uswisi wa mwaka 2003 ulipima mtiririko wa moyo kwa hewa ya mwinuko wa kuigiza. Watu wenye afya kwenye mita 4,500 mtiririko wa mapumziko ulipanda kama robo na akiba ya mazoezi ikabaki. Wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, akiba ilikuwa imeshapungua kwenye 2,500 tu. Kwa lugha ya Rwenzori hiyo ni kabla ya kambi ya Nyabitaba, yaani siku ya kwanza, bado msituni.

Ngazi zetu, kambi kwa mita, ni hizi: Nyabitaba 2,651, John Matte 3,414, Bujuku 3,962, Elena 4,541, kisha kilele cha Margherita 5,109. Kanuni ya kawaida ni kwamba ukishapita 3,000 usipandishe kitanda zaidi ya mita 500 kwa usiku. John Matte hadi Bujuku ni 548, Bujuku hadi Elena ni 579. Zote zimezidi. Lala Bujuku usiku mbili kabla ya Elena, hata mteja akinuna.

Jambo ambalo vitabu vya wodini huliruka: mlimani mtu anapumua kwa kasi, anatoa kaboni dioksaidi nyingi. Kaboni dioksaidi ikishuka hubana mishipa ya moyo kidogo, na hemoglobini hushikilia oksijeni kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo oksijeni ndogo inafungua, kaboni dioksaidi ndogo inavuta mlango. Kwa mwenye mishipa safi mfunguaji anashinda. Baada ya siku kumi hivi juu, Hb ikishapanda, mtiririko wa mapumziko hushuka hata chini ya ule wa mwanzo. Wakazi wa miinuko ya Andes nao walikutwa na mtiririko mdogo kuliko watu wa pwani, kwa kuwa kila ml ya damu yao imebeba zaidi.

Na mtu akipimwa huko juu: mkono uwe wa joto, akae dakika 5, soma baada ya namba kutulia dakika nzima. Kidole cha baridi kinakudanganya. Hina ya harusi na rangi ya kucha pia. Geuza kidole upande au tumia sikio kama kifaa kinaruhusu.

---

WodiNne

Na ngozi nyeusi, ndugu Nyabitaba. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa oksimita ilikosa kuona upungufu uliojificha kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Kwetu sisi hilo ni jambo la kila siku. Ukiona 92 na mgonjwa anahema, usiseme "bado yuko juu ya 90". Pima gesi za damu kama kipimo kipo.

---

Sigiri_Nje (Jinja)

Mmesahau mdanganyifu mkubwa kuliko hina. Sigiri ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa wakati wa mvua, au jenereta nyuma ya dirisha la duka.

Kaboni monoksaidi hushika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Oksimita ya kawaida inatumia mianga miwili, nanomita 660 na 940, na kwa mianga hiyo hemoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksaidi inafanana na yenye oksijeni. Kwa hiyo inasoma 98 huku asilimia 30 ya viti imekaliwa na abiria asiyeshuka.

Hb 14, asilimia 30 ya viti vimetekwa: oksijeni ni ml 12.9. Ukitazama utasema si mbaya, ni mara mbili ya mama wa Hb 5. Lakini viti vilivyobaki navyo vinakataa kuachia oksijeni mpaka shinikizo lishuke sana, na moyo ndio unaotegemea kukamua kwa shinikizo la chini. Ukamuaji ukishuka mpaka 60: 10 ÷ (0.129 × 0.60) = ml 129. Kwa mishipa mizima, sawa. Kwa mwenye anjaina (maumivu ya kifua ya moyo kukosa damu), kiwango cha asilimia 2 hadi 4 tu kimeonyeshwa kuharakisha maumivu wakati wa mazoezi.

Tiba ni oksijeni nyingi, mapema, bila kungoja namba. Kwa hewa ya kawaida nusu ya kaboni monoksaidi hutoka kwa saa 4 hadi 5. Kwa barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika, ni saa moja hadi moja na nusu. Konsentreta (mashine ya kuchuja oksijeni hewani) ya lita 5 haijazi ule mfuko, tafuta mtungi. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 kwa mwendo huo unakaa saa 7 na nusu.

---

Zamu_ya_Usiku

Asanteni sana. Basi mama wa Hb 5: nimpe oksijeni au damu? Kuna anayesema oksijeni haina faida kwa 98, tena inabana mishipa ya moyo.

---

MwalimuPigo

Anayesema hivyo amesoma, ila ameisomea mgonjwa mwingine. Ni kweli oksijeni nyingi hubana vijiateri vya moyo. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2017 wenye watu 6,629 walioshukiwa kuwa na shambulio la moyo, ujazo wao 90 au zaidi, haukuona oksijeni ikipunguza vifo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, anza oksijeni ujazo ukiwa chini ya 90.

Lakini kwa Hb 5 turudi kwenye ile 0.003 tuliyoiacha. Kwa oksijeni nyingi shinikizo linaweza kufika mmHg 500, na 500 × 0.003 ni ml 1.5. Kwa mtu wa Hb 14 hiyo ni punje. Kwa mwenye 6.6 ni zaidi ya moja ya tano. Mpe, hasa kifua kinapobana, huku damu inatafutwa.

Damu ndiyo tiba. Pakiti moja ya seli nyekundu hupandisha Hb kama 1. Pakiti mbili, Hb 7: oksijeni ml 9.2, mtiririko unaohitajika unashuka kutoka 202 hadi 145. Tazama faida ya pakiti mbili tu; huna haja ya kukimbilia 12. Ipitishe pakiti moja kwa saa 3 hadi 4, sikiliza mapafu kati ya pakiti, kwa sababu ukimjaza haraka shinikizo la ndani ya ventrikali linapanda na ile hesabu ya WodiNne inakugeukia. Homa nayo ishushe: kila nyuzi moja huongeza mapigo kama 10, na malaria haikosekani kwenye hadithi hizi. Usimpe dawa ya kushusha mapigo kwa sababu tu ni 125. Mapigo hayo ndiyo yanayombeba.

---

Krebs_Asubuhi (maabara)

Kwa wanafunzi wanaotaka kuona jambo hili kwa macho: moyo wa panya uliotolewa mwilini na kupitishiwa maji kwenye mishipa yake, kwa njia ya Langendorff, ya mwaka 1895. Maji ya chumvi ya Krebs-Henseleit, badala ya damu, kwa milimoli kwa lita: NaCl 118.5, NaHCO3 25, KCl 4.7, KH2PO4 1.2, MgSO4 1.2, glukosi 11, CaCl2 kati ya 1.25 na 2.5. Nyuzi 37, shinikizo la mmHg 60 hadi 80, gesi ya oksijeni 95 na kaboni dioksaidi 5. Mtiririko wa mwanzo ni kama ml 10 kwa dakika kwa gramu. Kisha badilisha kwenda naitrojeni 95 na kaboni dioksaidi 5, uone unavyopanda.

Wengi huona umepanda kidogo tu, wakadhani moyo umekufa. Sababu ni kwamba maji hayana hemoglobini. Kwa shinikizo la 600 yanabeba ml 1.8 tu kwa 100, kwa hiyo tangu mwanzo mishipa iko wazi na akiba imeliwa. Na Kampala hewa ni mmHg 660 hivi, si 760: gesi ileile ya asilimia 95 inakupa 580 badala ya 680 ya pwani. Usinakili namba za kitabu.

Makosa mengine. Kutumia naitrojeni tupu: kaboni dioksaidi inafukuzwa, pH inapanda, na hujui tena unapima nini. Kutia kalsiamu kabla ya kupitisha gesi: maji yanakuwa meupe kama ya chokaa, yamwage. Mirija ya silikoni: oksijeni ya chumbani hupenya ukuta wake, na maji yako "yasiyo na oksijeni" yanafika kwenye moyo yakiwa nayo. Kanyula (mrija wa kuingizia maji) iliyozama mpaka kwenye vali huziba midomo ya ateri za moyo. Na ukitumia pampu ya mtiririko usiobadilika usitazame mtiririko, tazama shinikizo likishuka. Mpige moyo kwa umeme mapigo 300, la sivyo utapima mabadiliko ya mapigo ukidhani ni ya mishipa.

---

Boma_la_Vitabu

Swali dogo la mwisho. Kipimo cha akiba kwa adenosini hospitalini, kwa nini mgonjwa anakatazwa kahawa?

---

Kijiateri

Kafeini hukaa kwenye kipokezi kilekile cha adenosini. Dozi ya kipimo ni mikrogramu 140 kwa kilo kwa dakika, yaani karibu mg 10 kwa dakika kwa mtu wa kilo 70, na dawa hiyo huisha nusu kwa chini ya sekunde 10, kwa hiyo lazima iwe inaingia mfululizo. Kipokezi kikiwa kimekaliwa na kafeini mishipa haifunguki ipasavyo, na mshipa mbovu unaonekana sawa na mzima kwa sababu wote wamelala. Aache saa 12 kwa uchache, 24 ni bora. Muulize pia kama anatumia aminofilini (ndugu ya theofilini), na mwenye pumu asipewe kabisa. Robusta yetu ina kafeini kama maradufu ya Arabika ya Bugisu, na chai nayo imo kwenye katazo, hata kama mgonjwa ataapa kwamba chai si kahawa.